Mimi na Mwanangu Si Mfano

Kwa Baba Askofu,
Kanisa la Aleksandria.

Baba Mheshimiwa,

Amani ya Bwana ikukute mzima, wewe na wote wanaokula mezani pako.

Mimi ni Paesi, msokota kamba wa mtaa wa bandarini. Sijui kuandika, mwanangu Pinutio ananiandikia haya ninayomtamkia. Maji yamenifika shingoni.

Kwanza, tangu mapadre wako waanze kubishana kama Mwana ni wa milele pamoja na Baba, wameugeuza mlango wangu kuwa darasa. Padre wa asubuhi hutunyooshea kidole mimi na mwanangu: "Tazameni pua zile! Mwana ni wa asili ileile ya baba!" Wa jioni humjibu: "Acha porojo! Mzee huyu alikuwapo kabla ya kijana. Basi kulikuwa na wakati Mwana hakuwapo!" Wateja wanatazama pua, kamba hawanunui.

Pili, mke wangu Termuti akienda kununua dengu, wauza samaki humwuliza: "Mama, ulikuwa na mwana kabla hujazaa?" Juzi alimchapa mmoja wao kwa kambare wake mwenyewe. Namuunga mkono.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumapili ijayo mapadre hao watajadiliana mbele ya kanisa, nao wanamtafuta mkunga aliyemzalisha mke wangu aje ashuhudie. Jamani, kuna haja gani? Kijana ni wangu. Ubishi ni wangu, mkoromo ni wangu, hata kidole cha mguu kilichopinda. Mkunga alishakufa. Tena alihamia mbali.

Nne, kwa hiyo naomba upige marufuku mfano wa baba na mwana katika dini yote, mpaka maaskofu wakutane waamue. Mapadre watumie mfano wa viboko wa mtoni. Wale hawana mkunga. Hilo likishindikana, amuru Jumapili hiyo isiwepo.

Wasalimie mashemasi, wajane wa kanisa, na punda wako.

Wako mtiifu, mwenye mwana,
Paesi

Tanbihi: Baba Askofu, hapa ni mimi Pinutio, mzee ameenda kuloweka nyuzi za mtende. Mkunga yu hai, anakaa mtaa wa pili, ila hakuwahi kukanyaga kwetu. Baba aliniokota jaani, nje ya ukuta wa mji, kitovu kikiwa bado kibichi. Nalijua hilo tangu utotoni, maana watoto wa mtaani hawana simile. Yeye hajui kwamba najua. Nakusihi, wazuie mapadre. Akiulizwa mbele za watu, ataapa kwamba mimi ni damu yake, nami nitaapa pamoja naye.