Chupa Mia na Themanini Zilizokufa

Egidio Laviano aliiona bahati yake ikimiminwa kwenye sufuria ya nyama ya kondoo.

Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji wa Barile, chini ya mlima Vulture, na mjane mmoja aitwaye Incoronata alikuwa anawapikia watu uwanjani. Alishika chupa nyeusi isiyo na lebo, iliyoandikwa 1990 kwa chaki, akaimwaga yote sufuriani kama mtu anayemwagilia bustani.

Egidio alikuwa ametoka Napoli kuuza mashine za kusafisha maji, mashine ambazo hazikusafisha chochote ila mifuko ya watu. Lakini mvinyo aliujua. Mvinyo wa zabibu za Aglianico ukiwa mchanga una ukakasi wa kukunja ulimi. Ukilala pangoni miaka thelathini, hulainika hadi matajiri wa Milano huuzungumzia kwa kunong'ona. Mtu anayepikia kondoo kitu kama hicho, aliwaza, ama ana pesa za kuchezea ama hajui alichonacho. Akatazama viatu vya mjane. Hajui alichonacho.

Kabla sahani hazijaoshwa alikwishampigia simu Airoldi, tajiri wa Milano anayekusanya mvinyo wa kale. Alimwambia kwamba pango la marehemu babu yake lingefunguliwa Alhamisi saa nne asubuhi, aje na lori. Kilichobaki kilikuwa jambo dogo tu, la kupata pango.

Alhamisi saa mbili akaegesha Alfa Romeo yake nyekundu mbele ya mlango wa Incoronata. Gari hilo ndilo lilikuwa nyumba yake, ofisi yake na heshima yake. Suti ya akiba ilining'inia nyuma, mto wa kulalia ulikaa chini ya kiti. Bila gari, Egidio angekuwa mtu wa kawaida anayetembea kwa miguu, hali ambayo hakuwahi kuikubali.

"Shangazi," alisema, "mimi ni mtaalamu. Nimepita kukupimia, tena bure."

"Unipime nini? Daktari kanipima juzi, kaniambia niache chumvi."

"Nikupimie mvinyo, shangazi."

"Ahaa. Huo hajaupima mtu tangu Savino wangu afariki. Ingia, angalia kichwa."

Pango lilichongwa kwenye mwamba laini wa volkano. Mle ndani, juu ya mchanga, zililala chupa mia na themanini, kila moja na chaki yake. Egidio aling'oa kizibo cha kwanza, akamimina, akanusa. Glasi ilinuka cheri, tumbaku na moshi wa kuni. Akaonja, akafumba macho, kisha akakumbuka kazi iliyomleta na kukunja uso kama mtu aliyeng'atwa.

"Pole sana, shangazi."

"Umekufa?"

"Umekufa. Siki tupu."

Akaonja chupa ya pili, iliyokuwa nyuma kabisa. Pole tena. Ya tatu, pole zaidi. Maneno yalikuwa mazuri na uso ulikuwa mzuri. Koo ndilo lililomwangusha. Mtu akionja mvinyo uliooza hutema, wala hahitaji kufundishwa. Egidio alimeza mara tatu, na mara ya tatu akalamba mdomo. Incoronata alikuwa anamtazama koromeo likipanda na kushuka. Alikunja mikono tu juu ya aproni.

"Zote, mwanangu?"

"Zote. Roho inaniuma kama vile ni zangu. Lakini usijali, nina rafiki mwenye kiwanda cha siki. Nitakuondolea zote leo hii, hata mgongo hautakuuma."

"Jasho la Savino liondoke hivihivi? Niachie kitu, jamani."

Egidio alijipapasa mifukoni, akapata kitana. Incoronata alikuwa anatazama nje.

"Lile jekundu linatembea?"

Hapo mtaalamu alipiga moyo konde. Kwa atakacholipa Airoldi angenunua matatu kama lile: moja la kulalia, moja la kuendesha na moja la kuwekea mashine za maji.

"Kwa ajili yako, shangazi," alisema, na sauti ilimkatika kwa dhati.

"Basi tuandikiane. Andika wewe uliyesoma."

Akaandika: *Mimi Egidio Laviano nimechukua chupa zote zilizokufa katika pango hili. Badala yake nimetoa gari langu.* Akatia sahihi yenye mikia miwili. Ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa aproni.

Incoronata akachukua ufagio, akauning'iniza kichwa chini juu ya mlango kama alama ya msiba, akapaza sauti: "Canio! Njooni! Mvinyo umekufa!"

"Unamwita nani?" Egidio aliuliza.

"Majirani. Kwani kwenu Napoli mvinyo ukifa hamtangazi?"

Kwao hawakutangaza. Mtoto wa lami angejuaje? Mapango ya kilima kile yamepakana, mwamba wenyewe una matundu kama mkate, na watu wa pale wanaamini ugonjwa wa siki hupenya ukutani. Kwa hiyo mvinyo uliokufa hautolewi wala hauuzwi. Huvunjwa palepale mlangoni, saa ileile, mbele ya majirani, na kufukiwa kwa majivu. Aliyekuwa ameshaununua hupewa pole tu.

Mzee Canio alifika na nyundo, nyuma yake wanaume wanne waliovua kofia.

"Nani kasema umekufa?"

"Mtaalamu huyu hapa," alisema Incoronata.

"Umeonja kwa mdomo wako, kijana?"

"Nimeonja, lakini tusiwe na haraka, wazee wangu..."

"Haraka! Ukuta wangu na huu ni unene wa kiganja! Nina mapipa sita mle! Sogea, usije ukachafuka suti."

Chupa ya kwanza ikawekwa juu ya jiwe. Nyundo ikapanda. Wakati huohuo lori likasimama nje, na Airoldi akaingia akijifuta jasho.

"Laviano! Hili ndilo pango la babu yako?"

"Babu gani?" alisema Canio, nyundo ikiwa bado juu. "Savino hakuwa hata na mjukuu."

Egidio hakuwa na muda wa babu. Alijitupa juu ya lile jiwe, akaikumbatia chupa.

"Msivunje! Hai! Iko hai! Sijaonja mvinyo mtamu kama huu tangu nizaliwe!"

"Hiyo moja tu?" aliuliza Incoronata kwa upole.

"Zote!"

"Hakuna hata moja iliyokufa? Sema wasikie."

"Hata moja! Naapa kwa mama yangu!"

Incoronata alitoa karatasi, akaisoma polepole, neno kwa neno, kama padri anayetangaza ndoa.

"Basi mwanangu, zako ni zile zilizokufa. Chukua zote, usiache hata moja."

Egidio aliangalia pango zima, mwisho hadi mwisho.

"Na gari?"

"Gari ulishatoa."

"Mwandiko safi kabisa," alisema Canio, akichungulia karatasi.

Airoldi alikwishajimiminia. Alionja, akaanza kunong'ona, na aliyekuwa ananong'onezwa ni Incoronata. Lori liliondoka na chupa sitini, kwa bei aliyoitaja mjane mara moja tu. Egidio alibaki barabarani, suti mkononi na mto kwapani.

Incoronata aliingia kwenye gari, akashika usukani, akapiga honi, akashuka.

"Egidio."

"Naam, shangazi."

"Mimi sijui kuendesha."

Uso wa Egidio ukapata rangi. "Nilitaka kusema hivyohivyo! Gari ni mzigo kwa mtu mzima. Acha nikuondolee..."

"Jumamosi kuna soko Melfi. Saa kumi na mbili asubuhi liwe limeshaoshwa."

Kwa kuwa hakuwa na pengine pa kulala, Jumamosi saa kumi na mbili lilikuwa limeoshwa. Canio alikaa mbele kando ya dereva, nyundo mapajani. Alisema anapenda kusafiri nayo. Incoronata alikaa nyuma, amejipara, kikapu cha jibini pembeni. Kwenye kona ya kwanza Egidio alikanyaga mafuta kidogo, kwa mazoea.

"Taratibu, dereva," alisema Incoronata. "Gari la watu hilo."