Siku ya Kufunua Hai-fai ya Akina Mama wa Muthara

Mheshimiwa Chifu, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kofia yake, naiona pale kwenye kiti cha mbele, karibu sana. Mheshimiwa Diwani, ambaye gari lake limepita barabarani na kwa heshima likapunguza mwendo. Mchungaji na Mama Mchungaji. Bwana Karani wa Ushirika. Wazee mliokaa ukutani mkitafuna miraa na kutema kama kwamba uwanja hauna mwenyewe. Mweka Hazina, ambaye ni dada yangu. Katibu, ambaye ni dada yangu yule mwingine. Na nyinyi akina mama wa Kikundi cha Maendeleo na Muziki, hata wewe Rwamba uliyekunja uso kama umelamba ndimu, nawasalimu kwa Kimeru chetu: muga! (Akina mama: "Muga.") Hiyo ni sauti ya wagonjwa. Muga! (Muga! Makofi ya upande mmoja.)

Mimi, Teresia Gatakaa, Mwenyekiti, niliyeacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu aliishiwa na ya kunifundisha, nasimama mbele yenu, katika mwaka huu wa tisini na sita, kuzindua rasmi, na kwa kauli moja ya kamati, projekti ya hai-fai, yaani mtambo wa muziki kutoka Uchina, wenye redio, kaseti mbili na spika mbili kubwa kama vijana wa kubeba jeneza, ambao tutaukodisha kwenye harusi zote kutoka Laare mpaka Embu. Ule pale mezani, chini ya vitambaa. (Shingo zinanyooka.) Kaeni chini! Hamjawahi kuona meza?

Uvumi naujua. Mmesema isipolia leo kabla ya chai, kiti hiki nilichokalia tangu kikundi kizaliwe mtampa Rwamba. Rwamba! Mtu aliyeletwa huku kutoka Embu kuolewa na mpaka leo Kimeru chake kinachechemea! (Kicheko. Rwamba: "Mbuzi wangu mwenye sikio lililopasuka yuko wapi?") Mama, usinikatize. Kila mmoja wenu alitoa mbuzi wa kununulia hai-fai, na mbuzi hao wote, kwa mujibu wa kamati, walipitia implementesheni.

Sasa nataka niliue hili neno, kwamba vitu vya Uchina ni takataka. Nani amesema? Ni Mithika, fundi wa redio, anayekaa sokoni na redio za watu zikiwa zimepasuliwa matumbo kama kuku wa Krismasi. (Mithika: "Mama Mwenyekiti, nilifungua moja ya Laare! Ndani ya spika kubwa nilikuta kaspika kadogo kama kifuniko cha kopo, na tofali la kuongeza uzito!") Na tofali lina ubaya gani? Nyumba yako ingepata tofali hata moja, usingeshinda ukiziba nyufa kwa matope! Nawauliza nyinyi wengine: ile chupa ya chai yenye maua mekundu, mnayoificha mpaka wageni waje, ilitoka wapi? Uchina! Mama Gacheri, karai ulilokuja nalo ulipoolewa limeanguka mara ngapi? Limebanduka rangi tu, na wewe pia umebanduka. (Kicheko.) Tochi, kufuli, koleo, vyote ni vya Mchina na mnavitumia mkinyamaza. Lakini Mchina akitengeneza kitu cha kuimba, mnasema feki. Mnasifu ya Japani ambayo hamjaigusa, kama mwanamke anayesifu mume wa jirani. ("Aai!")

Hai-fai yetu ina wati elfu mbili. Imeandikwa kwenye boksi, na boksi halijui kusema uongo. Ina taa nyekundu na kijani zinazocheza hata wimbo ukiwa wa matanga. Ina stereo, maana yake spika ya kulia inaanzisha na ya kushoto inaitikia, kama kwaya ambayo haijagombana. Utafiti wa kamati, yaani mimi na dada zangu, umeonyesha kwamba kwaliti ya Uchina imepanda kwa asilimia mia moja na ishirini, na hiyo ishirini ya ziada tunawaachia watu wa Embu, ambao siku zote wanachelewa.

("Kwe, kwe, kweee," inasikika chini ya vitambaa.)

Mmesikia? Hiyo ni besi! Haijaunganishwa hata na betri, na tayari inapasha koo. Japani iko na hiyo? (Mithika: "Mama, hiyo besi inataga!" Sauti nyingi: "Funua! Funua!")

Adabu! Tangu lini, katika nchi hii, mwanamke akafunua kitambaa cha mwenzake? Ukiingia kwa mtu ukute redio imefunikwa, kiti kimefunikwa, hata ndoo imefunikwa, wewe unakaa na kumsifu aliyefuma. Ndiyo maana tangu Pasaka hakuna mkono uliogusa meza ile, ila wa kuongeza kitambaa. Kila mmoja wenu alifuma chake, na cha juu kabisa, cha samawati chenye tausi, ni cha Rwamba. Nakiri ni kizuri, ingawa huyo tausi ana sura ya batamzinga.

(Rwamba anasimama. "Basi kama ni changu, nakuja kukichukua.")

Rwamba, keti.

("Sifunui cha mtu. Nachukua changu." Anamkunja tausi, anamtia kwapani. Mama Gacheri anafuata cha kwake. Mstari unaanza.)

Polepole, akina mama! Haiko kwenye ratiba! Kwa kuwa implementesheni imekwenda kasi kuliko ilivyotarajiwa, naomba nitoe ufafanuzi wa kitaalamu. Mitambo ya kisasa inazidi kuwa midogo kila mwaka. Wachina wenyewe wanasema siku moja haitaonekana kabisa. Sisi Muthara tumetangulia.

(Kitambaa cha mwisho kinaondoka. Mezani kuna maboksi matatu ya sabuni, matupu. Matupu mawili. Kwenye la kushoto, kuku mwekundu amelalia mayai.)

Sasa mnaiona kwaliti kwa macho yenu! Hii ndiyo hai-fai pekee ya Uchina, kutoka Laare mpaka Embu, ambayo haitafuni kanda, haikwaruzi, haina tofali, na ambayo Mithika hataipasua tumbo. Haya, fundi, taja kasoro yake! (Mithika anakuna kichwa.) Muziki! Mnajibu "Juu!" Muziki! (Kuku: "Kwe!") Mnaona, spika ya kushoto inafanya kazi.

Kwa kumalizia, namshukuru mwenye duka kwa maboksi yake; kuku, aliyekalia kazi yake kuliko kamati; mwanangu Muthomi, ambaye sasa ana bibi wa heshima; mkwe wangu Linda, simama mama wakuone, wajue mbuzi wao hawakupotea; na zaidi ya wote babake Linda, Mzee Kivuti wa Siakago, kule Embu, aliyewapokea mbuzi wote wa projekti kama mahari bila kuuliza kwa nini mmoja ana sikio lililopasuka.

(Rwamba anakuja mbele, kwa haraka.)

Usinisukume, mama, natoka. Kiti ni chako. Lakini kitambaa kilicho juu yake nilifuma mimi, na kwa desturi yetu naondoka nacho. Asanteni.