Milima Inavutwa, Haibanwi

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la wengi ni kudhani tetemeko ni mtikisiko tu. Sivyo. Mstari wa kwanza kwenye kipimo cha tetemeko ukipanda, mwamba huko chini umesukumwa kuja kwetu. Ukishuka, umevutwa kwenda zake. Kusanya matetemeko mengi, utajua ardhi inavyokunjwa pale mabamba mawili yanapogongana na kuinua milima. Nimemweleza mke wangu haya akichambua mchele. Amesema, mzee, sogeza mguu nifagie.

Mkuu wa idara atamchagua mmoja wa kwenda kupima milimani. Ni mimi au Daktari Miwani, niliyemfundisha mwenyewe. Mkuu ameulizia magoti yangu. Nahitaji ugunduzi.

Jumanne, 5 Machi
Ninao. Kituo changu cha vipimo nyuma ya karakana kinaonyesha mistari ikishuka, tetemeko baada ya tetemeko. Wenzangu wote wanaandika kwamba milima inabanwa. Kumbe inavutwa! Nimefunga mlango wa ofisi. Miwani amegonga, akauliza kama nimekagua kipimo. Nimemjibu kwa upole kwamba nilikifunga kwa mikono yangu. Akasema ndiyo maana anauliza.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao. Nimeeleza kwa kirefu. Wawili wamesinzia, nadhani kwa kuridhika. Kisha Miwani akaonyesha ukutani mistari ya tetemeko kubwa la jana, la mbali mno. Wimbi la mbali hivyo huvifikia vituo vyetu vyote kwa namna moja. Vya wenzangu vimepanda. Changu kimeshuka.

"Mwalimu wangu," akasema, "nyaya umezifunga kinyume."

"Kumbe milima umeivuta wewe, mzee wetu," akadakia Mkuu.

Wamecheka mpaka waliosinzia wakaamka. Mkuu amesema nikirekebisha kabla ya Jumatatu, bado atanifikiria.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kuangalia. Kweli, waya mwekundu umekaa pa mweusi. Mke wangu amesema nizibadilishe, nije nile, safari niipate. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyefanya utafiti. Nimekaa kwenye ndoo, nikafikiri kwa utulivu. Vituo vingine vyote vilifungwa na Miwani. Akikosea mara moja, amekosea kote, na makosa yanayofanana hupendeza machoni. Hilo hakuna aliyelikagua. Goti la kushoto limegoma, ila la kulia linatosha kukanyagia baiskeli.

Kazi ya leo: chukua bisibisi, nenda kwenye vituo vya Miwani, geuza nyaya zake.