Vichocheo Vyangu na Kiti cha Kathure

Jumatatu, 3 Juni 2019
Upuuzi mtupu! Chama chetu cha waandishi hapa Nkubu sasa kinaandika kwa vichocheo. Kathure, mwenye duka la mbegu, anaandika mada kwenye vikaratasi, anavitia kiondoni, kila mtu anachomoa chake na kuandika papo hapo. Changu cha leo: "Mvua iliyokataa kunyesha kwa jirani." Nikasimama, nikahutubu. Ubunifu si mbuzi wa kufungwa kamba! Niliwataja Wagiriki. Niliwataja Warusi. Kathure akauliza kwa upole kama hao Warusi wangependa chai. Wakacheka wote.

Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Kiti hicho ninakitamani tangu chama kianze. Nikikikosa tena, nitabaki kuwa mtu wa kupanga madawati.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Vichocheo ni upuuzi, lakini vikiandikwa na mtu aliyesoma, je? Nimeandika vyangu. "Eleza siku Mwalimu Marete alipokuokoa." "Simulia hekima ya Mwalimu Marete." Hivyo hivyo, kiondo kizima. Watu wakishaniandika vizuri, watanipigia kura vizuri.

Mke wangu Kanana alichungulia begani. Akasema, Baba Mwiti, hao watu wana macho, na sasa unawapa kalamu. Sikumwelewa. Sikuuliza.

Jumamosi, 8 Juni
Kathure alipotoka kuchemsha chai, nilibadilisha vikaratasi vyote. Wakachomoa. Wakatazamana. Kisha kalamu zikakimbia kuliko siku yoyote! Moyo wangu ukapiga makofi.

Wakaanza kusoma. Mutembei, fundi wa baiskeli ambaye hajawahi kuvuka mistari mitatu, alikuwa na kurasa nne. Eti nilimwokoa na tatizo la kukosa usingizi kwenye mazishi ya mjomba wake, maana nilihutubu hadi wachimba kaburi wakaenda kula wakarudi. Mwanachama mwenzetu Kiende akasimulia jinsi nilivyomfundisha fahali wangu falsafa, mpaka maskini akaomba auzwe soko la mbali, Kiritiri. Uongo! Fahali alitoroka mwenyewe. Mzee Mwirigi alifuta machozi, akaniomba nigeuke kidogo, anataka kuandika kuhusu kisogo changu pia.

Nilicheka mara moja. Kwa bahati mbaya.

Kura: Kathure alipata zote isipokuwa moja. Ninamjua mpiga kura huyo. Mtu makini sana.

Jumapili, 9 Juni
Ushindi! Baada ya ibada Kathure alinifuata langoni. Akasema chama hakijawahi kuandika vile, hata Mutembei ameomba karatasi zaidi. Kwa hiyo wameamua kwa kauli moja niwe kichocheo chao cha kudumu. Kazi yangu ni kukaa mbele. Si lazima niseme kitu. Akafikiri, akaongeza kwamba nikisema itasaidia zaidi.

Kanana amecheka hadi mwiko ukazama kwenye sufuria ya mukimo. Wivu huo.

Hebu pima: Kathure ana kiti kimoja, mimi nina kalamu zote za Nkubu! Tayari nimeandaa vikaratasi vya Jumatatu, kiondo kizima: "Eleza kwa nini Marete angefaa zaidi kuwa mwenyekiti." Safari hii hawachomoki.