Mashine ya Kutambua Pua za Ng'ombe

Siku ya mnada, pale Katesh, Hermani alikuwa kwenye kibanda cha supu akinywa supu ambayo hakuwa na mpango wa kuilipia. Alivaa koti la suti na viatu vya kuchongoka, na shingoni alining'iniza kitambulisho chenye picha yake, namba yake ya simu na maneno "Mtaalamu wa Mifumo". Mifumo gani, hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Ngoja nimtambulishe vizuri, usije ukampenda bure. Hermani alitoka Babati baada ya Babati kumchoka. Kule aliwahi kuuza stika za kubandika nyuma ya simu ili kuongeza mtandao. Watu wazima, wenye wake na watoto, walizibandika, na wengine wakaapa kwamba zinafanya kazi. Baada ya hapo akaandikisha akina mama kazi ya kupenda video mtandaoni, kazi ya kidole gumba tu, mshahara kila wiki. Wiki ilipokwisha vidole gumba vilikuwepo, Hermani hakuwepo.

Meza ya pili alikaa Mzee Akonaay wa Gehandu, ameinamia simu ya jirani yake. Kwenye simu kulikuwa na ng'ombe aliyevaa tai, anasoma taarifa ya habari kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wote waliokuwa kwenye kibanda.

"Huyu ng'ombe ni wa wapi?" aliuliza mzee.

"Si wa kweli, mzee. Ni akili mnemba. Mashine imemtengeneza."

"Kumbe mashine inajua ng'ombe kiasi hicho?"

"Siku hizi inajua kila kitu."

Mzee Akonaay akajikuna kidevu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akauliza kwa sauti ya chini, "Na ng'ombe ni wa nani, hilo nalo inajua?"

Hapo Hermani akaweka kijiko chini.

Kwa wewe mgeni wa huku: ukiona ng'ombe kumi kwenye zizi la mtu, usikimbilie kumwita tajiri. Huku watu huwekeana ng'ombe. Unampelekea rafiki ng'ombe wako akutunzie, yeye anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama wakizaliwa ni wako. Kwa hiyo nusu ya zizi lako ni ya watu, na nusu ya mali yako iko kwa watu, mahali ambapo hata mkeo hapajui. Ni utaratibu mzuri. Ugonjwa ukiingia zizi moja haukumalizi. Karatasi hakuna, kuna mashahidi, kuna kumbukumbu, na kuna aibu. Mzee Akonaay kwenye aibu alikuwa na upungufu.

Kwake kulikuwa na dume jeusi, nundu kama gunia. Mama wa dume hilo aliwekwa pale na marehemu Isidori wa Nangwa. Isidori alifariki, mashahidi wake wawili nao wakafariki, na Mzee Akonaay akaanza kusema "dume langu" kwa sauti iliyopanda kila mwezi. Mjane wa Isidori, Mama Zita, alilihitaji dume lile kuliko kitu chochote duniani. Binti yake Doris alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na dume lisipouzwa kabla chuo hakijafunguliwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Basi. Shauri lilipangwa lisikilizwe Jumamosi, mbele ya wazee, kwenye josho la Gehandu.

"Shikamoo mzee," Hermani alisema, akivuta kiti.

"Marahaba."

"Nimesikia maongezi yenu bila kukusudia." Alikuwa amekusudia kabisa. "Hiyo mashine unayoiulizia ninayo mimi."

Akatoa simu yake. Simu kubwa, kioo hakina ufa hata mmoja. Ndiyo ilikuwa mali yake yote. Hata pikipiki aliyokuja nayo ilikuwa ya kukodi.

"Pua ya ng'ombe, mzee, ni kama kidole gumba cha mtu. Hakuna mbili zinazofanana. Naipiga picha, inakwenda kwenye setilaiti, setilaiti inarudisha jina la mwenye mali."

"Jina la nani?"

"La mwenye mali."

"Nauliza hivi." Mzee akasogea. "Hiyo setilaiti huwa inashaurika?"

Hermani akamtazama kwa upendo wa kweli. "Inashaurika sana, mzee. Ila haitaki hela. Inakula mtamba."

Mzee Akonaay alianza na jogoo. Akapanda hadi mbuzi, akagoma hapo, akanywa supu yake yote na nusu ya supu ya Hermani. Mwishowe akakubali kutoa mtamba mwekundu mwenye mguu mmoja mweupe, na alikubali ghafla, kwa moyo mkunjufu, kiasi kwamba mtu mwenye akili angeshtuka. Hermani hakushtuka. Alikuwa anahesabu siku tu: Jumamosi shauri, Jumapili yuko njiani na mtamba.

Ijumaa mtamba alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba ya wageni pale Nangwa, Hermani amekaa kivulini akiifundisha simu kusema. Akaja mama mmoja mwenye kanga mabegani na chupa ya maziwa mgando mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiwe mwenye mashine ya ng'ombe? Mimi ni Mama Zita."

Hermani akakaa sawa. Alitegemea kilio au matusi. Mama akamkabidhi maziwa.

"Nimekuja kuiona tu. Inajua ng'ombe wote?"

"Wote, mama."

"Hata wa Hirbadaw?"

"Hirbadaw, Mbulu, popote. Hata punda."

"Yesu wangu! Na malipo?"

"Mtamba mmoja. Ndicho chakula chake."

"Sina mtamba mimi." Akageuka kumwangalia yule aliyefungwa. Alimwangalia mguu ule mweupe kwa muda. "Mzuri huyu. Unampeleka mnadani?"

"Nasubiri barua ya mwenyekiti ya kibali cha kuuza."

"Mwenyekiti Gervasi haandiki barua bila kumwona mnyama kwa macho. Kesho mlete tu joshoni, umalize yote pamoja."

Hermani akamshukuru. Akanywa maziwa yote, akalala usingizi mzito, akiwahurumia kidogo watu wema wa dunia hii.

Jumamosi josho lilijaa. Ng'ombe wanatoka majini wakichuruzika dawa, wazee wamekaa kwenye mabenchi, vijana wamesimama na simu juu tayari kurekodi. Doris alisimama nyuma ya mama yake, macho mekundu, barua ya chuo ameikunja mara nane mkononi. Hermani akalisogelea dume, akaiweka simu puani. Dume likairamba. Simu ikanyamaza kidogo, ikatoa mlio, ikasema kwa sauti ya dada wa benki:

"Habari za leo. Utambuzi umekamilika. Ng'ombe huyu ni mali ya Akonaay wa Gehandu. Asante kwa kutumia huduma zetu."

"Heee!" Josho zima. Mzee mmoja akavua kofia. Kijana mmoja akajipiga picha na dume. Mzee Akonaay akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mtu anayesumbuliwa na haki yake mwenyewe.

Doris akaanza kulia. Mama Zita akasimama.

"Shikamooni wazee. Mimi ni nani nibishane na setilaiti? Imesema, imesema." Akaacha watu wamwonee huruma kidogo. "Ila kwa kuwa mtaalamu yuko hapa leo, na mashine inajua wote, basi itupimie na wengine. Tuanze na mtamba wake mwenyewe, apate barua."

"Kweli kabisa!" wakadakia watu. "Na mbuzi wangu!" "Na yule ndama wa shemeji!"

Hermani akaitazama simu yake. Sauti ile alikuwa amerekodi moja tu.

"Bahati mbaya, bando limekwisha," alisema.

"Namba yako?" Doris aliuliza, amefuta machozi kwa kiganja. Kabla hajajibu, Doris akaisoma kwenye kitambulisho, akamnunulia bando. Simu ikalia: bando limeingia.

"Na chaji pia, naona..."

Kijana mmoja mchungaji akaingiza mkono ndani ya shuka lake, akatoa chaja ya kubebeka iliyojaa, na waya wake.

"Lakini hapa hapana mtandao!"

"PANDA KICHUGUU!" wakapiga kelele watu hamsini, maana mtandao wa Gehandu unakaa juu ya kichuguu kile na kila mtu anajua. Wakampandisha na viatu vyake vya kuchongoka, wakamletea mtamba, pua mbele ya simu.

"Ng'ombe huyu ni mali ya Akonaay wa Gehandu."

Nyuma ya umati mtu akakohoa. Alikuwa Patriki wa Hirbadaw, mrefu, ameegemea fimbo, aliyeletwa asubuhi ile na taarifa ya Mama Zita. Wengine walikuwa hawajamwona. Mzee Akonaay alikuwa amemwona, na alishaanza kutafuta njia ya kutokea.

"Rudia," Patriki alisema.

Simu ikarudia.

"Huyo mtamba nilimweka kwa Akonaay mwaka juzi. Huo mguu mweupe ni wa mama yake, na mama yake yuko kwangu. Nani amemtoa?"

"Tusikimbilie lawama," Mama Zita alisema kwa upole mno. "Labda mashine imechoka. Leteni punda wa mwenyekiti."

Punda akaletwa. "Ng'ombe huyu ni mali ya Akonaay wa Gehandu." Kicheko kikaanza upande wa akina mama. Mtu akambeba mbwa wa katekista. "Ng'ombe huyu ni mali ya Akonaay wa Gehandu. Asante kwa kutumia huduma zetu." Sasa watu walikuwa wameshikana mabega, wengine wamekaa chini.

Mwenyekiti Gervasi hakucheka. Akapanda kichuguu taratibu, akavua miwani, akasogeza pua yake mwenyewe kwenye simu.

"Habari za leo," simu ikamwambia. "Utambuzi umekamilika. Ng'ombe huyu ni mali ya Akonaay wa Gehandu."

Nakwambia, hata ng'ombe waliacha kucheua.

"Akonaay," mwenyekiti alisema, akivaa miwani. "Kama dume ni lako, mashine uliileta ya nini?"

"Setilaiti imekosea, mwenyekiti."

"Kwa mtamba imekosea, kwa punda imekosea, kwangu imekosea, kwenye dume tu ndiyo imepatia?"

Wazee hawakuchukua muda. Dume likaondoka mchana ule ule kwenda Nangwa, Doris ameshika kamba mwenyewe. Patriki akachukua mtamba wake, na kondoo dume wa Akonaay juu, wa kweli wa Akonaay, maana walimhoji mke wake kwanza.

Likabaki la Hermani. Faini ya kumwita mwenyekiti ng'ombe hadharani: mtamba mmoja.

"Sina mtamba, wazee wangu! Pikipiki yenyewe ya watu!"

"Simu si yako?" Mama Zita aliuliza. "Basi niwekee. Nitaitunza mpaka ulete mtamba. Utaratibu unaujua: maziwa nakunywa mimi, ikizaa, ndama ni wako."

"Mama, simu haizai!"

"Mwanangu, inayokula mtamba itashindwaje kuzaa? Nipe na ile namba ya kuifungulia. Ng'ombe hawekwi bila kuambiwa jina lake analoitikia."

Mashahidi wakahesabiwa: josho zima. Hermani akaondoka Gehandu na kitambulisho chake shingoni.

Miezi miwili baadaye, akiwa Singida, aliazima simu ya mtu akapiga namba yake mwenyewe. Ikapokelewa haraka.

"Mama, shikamoo. Ni Hermani."

"Marahaba, mwanangu! Mtamba umepatikana?"

"Bado, mama. Naulizia tu hali ya simu."

"Haijambo. Imenenepa. Maziwa ni mengi ajabu: jana Doris ametupigia ya video kutoka chuoni, nimemwona na sare yake nyeupe, nimelia mpaka kioo kimelowa. Kijiji kizima walikuja kuangalia."

Mwenye simu alikuwa anamnyooshea mkono airudishe. Hermani akasogea pembeni, akaziba mdomo kwa kiganja asisikike.

"Na ndama je, mama?"

"Bado," Mama Zita alisema. "Ikizaa nitakuita."