Jogoo wa Mavuno Niliyemshusha Bei

Jumapili, tarehe 11 Agosti 1957. Asubuhi mawingu na ubaridi, jambo ambalo kwa Voi ni kama zawadi. Adhuhuri jua limerudi kazini kwake.

Leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima, na kanisa lenyewe si letu. Naandika usiku huu huu kabla sijaanza kujitetea.

Kwanza niseme haki. Mama mkwe wangu hakuja kwa ubaya. Alifika Alhamisi kwa gari moshi kutoka Upare, kuja kutazama kama mwanawe anakula vizuri katika nchi ya watu. Mwanawe, yaani mume wangu Mbonea, anafanya kazi hapa relini, na ni mwembamba. Alikuwa mwembamba tangu siku aliponioa, lakini mama anasema kule nyumbani alikuwa na mashavu. (Mimi sikuyaona. Labda aliyaacha kwa mama yake.)

Jioni ile ile Mbonea akatupeleka hoteli ya karibu na stesheni tukale wali kwa nyama, apate kumfurahisha mama. Mama alikula, akamshukuru mwenye hoteli, halafu njiani akauliza polepole, "Kwani nyumbani jiko limeharibika?" Kabla ya kulala akasema anafikiri kumtuma Nakijwa, dada wa mume wangu, aje akae nasi atupikie.

Nakijwa anapika vizuri, hilo silikatai. Lakini jiko ni moja, na mpaka leo asubuhi lilikuwa langu.

Sasa, mboga za soko la Voi zinafika zimechoka kuliko wanaozinunua, na bei yake ni bei ya vitu vilivyosafiri. Jirani yangu Wakesho, Mtaita wa Mbololo, ameniambia mara nyingi kwamba huko kwao mlimani vitu ni rahisi. Nikamwambia mama twende wenyewe. Nilitaka aone mkewe Mbonea anavyonunua. (Sikuenda kununua tu, nilikwenda kuonekana. Na nimeonekana.)

Tukapata lori mpaka chini ya mlima, tukapanda kwa miguu. Juu tukakuta watu wamejaa uwanjani, wamevaa vizuri, na mbele yao makapu ya maharagwe, viazi vitamu, kabichi, mikungu ya ndizi, na kuku wamefungwa miguu. Mzee mmoja mwenye koti, waliyemwita Mzee Mwadime, alikuwa akiinua kitu kimoja kimoja na kutangaza bei. Nyuma yake palikuwa na jengo lenye msalaba.

Niliuona ule msalaba, sitasema uongo. Lakini sisi kwetu ni Wasabato, tunasali Jumamosi, na Jumapili kwangu ni siku ya kufua na kwenda sokoni. Nikadhani soko limewekwa karibu na kanisa ili watu wakitoka wasitembee mbali. Hata nikawasifu moyoni kwa mpango wao.

Jogoo mwekundu akainuliwa juu.

"Jogoo huyu, shilingi tatu. Nani anaendelea?"

"Mbili," nikasema.

Vichwa vikageuka. Mzee Mwadime akatabasamu. "Mama, tumeshafika tatu."

"Aliyefika tatu ni wewe peke yako, baba. Sisi wengine bado tuko njiani."

Wakacheka. Nikaona nimependwa, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kwetu ukitaka bei ishuke ni lazima ukitie kitu kasoro. Muuzaji naye anajua, hakasiriki, ni kama mnaamkiana. Basi nikasogea mbele nikamshika jogoo kifuani.

"Huyu amekonda. Hata mchuzi hatatoa. Aliyemfuga alikuwa anamlisha mawe?"

Safari hii hawakucheka. Mama mmoja mzee, mwenye kitambaa cheupe kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "Ni wangu. Nampa mahindi."

"Basi mama yangu, tusikosane. Mbili na nusu."

"Nne," akasema mtu nyuma yangu.

"Tano," akasema mwingine, tena akicheka, kama mtu anayefurahia hasara.

Nikamnong'oneza mama mkwe, "Watu wa hapa hawajui kununua." Yeye alikuwa anautazama msalaba.

"Saba," ikasema sauti ndogo. Nikageuka. Ni yule yule mama wa kitambaa cheupe, mwenye jogoo.

Nisomewe kosa langu lote, lakini na hili liandikwe: mimi siwezi kukaa kimya nikiona watu wanadhulumiwa. Nikasimama katikati ya uwanja, mimi mgeni wa darasa la nne, nikapaza sauti.

"Jamani, mnaibiwa! Huyu ndiye mwenye jogoo, na anapandisha bei ya mali yake mwenyewe!"

Nikangoja wanishukuru.

Mzee Mwadime akamshusha jogoo taratibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mama, leo ni Sikukuu ya Mavuno. Huyu mama alimtoa jogoo wake sadaka kanisani asubuhi, kumshukuru Mungu. Si wake tena. Sasa anamnunua, ili atoe mara ya pili. Pesa zote hizi ni za paa la kanisa."

Mtu nyuma akasema, "Kumbe mama wa watu alikuwa anampunguzia Mungu bei!"

Uwanja mzima ukacheka. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa, akawa anajifuta macho kwa leso. Nikatazama njia tuliyopandia. Ilikuwa mbali, na imejaa watu.

Hapo mama mkwe akasogea mbele. Nikajua sasa ananimaliza.

"Ndugu zangu, tusameheni. Sisi ni wageni, tumetoka Upare. Huyu ni mke wa mwanangu. Si mtu mbaya. Anabana senti kwa ajili ya mwanangu, na mimi nilikuwa sijui anabana kiasi hiki." Akafungua pindo la kanga yake, mahali alipofunga nauli ya kurudia. "Natoa nane."

"Tisa," akasema yule mama mzee bila kupumzika.

Hakuna aliyethubutu kuendelea. Yule mama akalipa, akapokea jogoo wake, akaja moja kwa moja mpaka tulipokuwa, akamweka mikononi mwa mama mkwe.

"Chukua, mgeni wetu. Mwambie mkwe wako akija siku nyingine aniambie kama jogoo alitoa mchuzi."

Hivyo nilikwenda kutafuta vitu rahisi, nikapewa jogoo wa bure kabisa, na sijawahi kushika kitu kilichonielemea vile. Ndani ya lori nilimpakata mimi, mama alikataa kunipokea. Wakesho aliponiuliza nimenunua nini nikamwambia jogoo, nikaingia ndani. (Atajua tu. Mbololo ni kwao.)

Mbonea aliposikia alicheka hadi akakohoa. Mama hakucheka. Alisubiri amalize, kisha akasema, "Nakijwa abaki nyumbani. Yule mdomo wake ni mrefu kuliko wa huyu. Nikimleta huku hamtauziwa hata chumvi."

Basi jiko ni langu. Sijui kama nimelipata kwa kushinda au nimeachiwa kwa huruma. Jumapili ijayo nitapanda tena Mbololo kumwomba radhi yule mama, na naomba wanicheke kidogo tu, nipate nguvu ya kushuka.

Jioni tumekula ugali na jogoo, nimepika mwenyewe. Mchuzi ulikuwa mwingi, una mafuta juu. Mama alinijazia bakuli mara mbili, na kila mara aliliinamisha kidogo kwenye mwanga wa taa nione ule mchuzi niliosema jogoo hatautoa.