Barua kwa Gérant juu ya Robe Moja na Ndoa Mbili

Butembo, commune ya Vulamba

Kwa Bwana Gérant, msimamizi wa nyumba inayohifadhi site yangu ya intaneti,

Bwana Gérant mwenye heshima,

Ninakusalimu wewe, jamaa yako na mashine zako zote, hasa ile moja ambamo site yangu inakaa. Mimi ni Mama Mariette Syauswa, mkodishaji wa robe za ndoa, nguo za bibi-arusi. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na robe nne, na fundi wenu, Monsieur Shalom, alinichagulia hébergement, nafasi ya kuweka site kwenye mashine, ndogo kuliko zote, ile ya watu wanaoanza. Nilishukuru. Leo nina robe thelathini na moja, na wateja wananitafuta kwa simu kutoka Beni, Mangina, hata Manguredjipa kwa wachimba dhahabu, ambao huoa haraka kabla mambo hayajageuka. Ndiyo maana ninaleta malalamiko yangu, kwa upole.

1. Site yangu inazimia kila Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ambayo kila bibi-arusi, pamoja na mama yake, shangazi zake na wale wasiomtakia mema, wanafungua simu kuitazama robe kwa mara ya mwisho. Nilikwenda kumwona Shalom. Aliangalia mashine yake, akaniambia: "Mama Mariette, site haina ugonjwa. Imekomala tu. Muhame, mutafute nafasi kubwa ya kukomala." Bwana Gérant, nimelea watoto watano. Wote wamekomaa, na hakuna hata mmoja aliyezimia kwa sababu hiyo. Tena sioni kwa nini nihame mimi niliyefanya kazi vizuri, na mashine iliyoshindwa ibaki pale pale ikipepewa na ventilateur.

2. Shalom alinieleza pia kwamba ndani ya mashine hiyo siko peke yangu. Tuko wengi, na mmoja akivuta hewa nyingi, wengine wanakosa. Ninataka majina. Mtu anayejaza vitu vyake katika nyumba ya watu wote, bila kumfikiria jirani, hakulelewa, na ninaomba atolewe nje mchana, watu wakiona.

3. Sasa nieleze ile Jumamosi. Nina robe moja yenye mkia mrefu na vifungo ishirini na viwili mgongoni. Falonne wa hapa Vulamba aliikamata kwa site siku ya Ijumaa, iwe yake kesho yake. Site ikazimia kabla ya kuandika jina lake. Ilipoamka, ilimpa Jokébed wa Beni robe ile ile, kisha ikawatumia wote wawili ujumbe wa pongezi. Asubuhi mapema nilikuta shangazi wawili mbele ya mlango wangu, wa Falonne na wa Jokébed, kila mmoja na simu yake mkononi, na wote wawili walikuwa na haki.

Ilibidi kuamua. Misa ya Falonne ilikuwa asubuhi, ya Jokébed mchana, kule Beni. Falonne alifunga ndoa, akavua robe katika chumba cha masista, akaingia kwenye karamu yake mwenyewe akiwa amevaa pagne, kitenge cha kawaida. Sitasahau namna alivyonikabidhi ile robe bila kunitazama. Bilali, dereva wa taksi, aliipeleka Beni ikiwa imekaa kiti cha mbele, voile, ile shela ya kichwani, ikipepea dirishani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walimsimamisha, wakataka kumwona bibi-arusi mwenyewe na kitambulisho chake. Bilali akaeleza kwamba bibi-arusi yuko Beni, hiyo ni nguo tu. Walimweka pale muda mrefu, maana nguo inayosafiri bila mwenyewe inashangaza kuliko mambo mengine yanayopita njia hiyo kila siku bila kuulizwa.

Ilifika saa mbili baada ya wakati, mkia ukiwa umekula vumbi jekundu. Falonne ni mwembamba, Jokébed ameshiba. Vifungo kumi na kimoja vilikataa. Walimfunga kwa pini, wakamfunika na voile, padri akakunja uso, ndoa ikapita. Jioni Jokébed alinipigia simu. Sikumsikia akilia. Alisema tu: "Mama, niliolewa na jasho ya mwengine."

4. Kwa kuwa mashine yenu haiwezi kubadilika, ninaomba tubadilishe nchi. Uwaandikie maparoko wote, kutoka Lubero mpaka Beni, waanze kubariki ndoa siku ya Jumanne, siku ambayo mashine imepumzika. Wakikataa, mabibi-arusi wafungue site mmoja mmoja, kwa mstari, kama kwenye kituo cha maji, na shangazi wasiruhusiwe kuingia. Hilo nalo likishindikana, nipatie cheti chenye muhuri kinachosema kwamba biashara yangu ni ndogo. Nitakitundika mlangoni, wateja wakisome, warudi makwao, na mashine yenu itapata amani.

Nisalimie Shalom, ambaye ana adabu ingawa hana dawa. Usalimie pia wapangaji wenzangu wa mashine, isipokuwa yule niliyemlalamikia kwenye namba ya pili. Wasingya, Bwana Gérant, kwa kunisoma mpaka hapa.

Mimi mteja wenu ambaye bado hajahama,

Mama Mariette Syauswa

N.B. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, ndipo kiongozi wa kwaya ya mtaa wetu akapita kunisalimu. Kwaya hiyo ni mmoja kati ya wapangaji wangu tisa, kwa maana sehemu mliyonipa ndani ya mashine ilikuwa na kona tupu, nami nikaikodisha kwa watu. Amenieleza kwa furaha kwamba ile Ijumaa waliweka humo video ya konseri yao nzima, yenye urefu wa saa nne na nusu. Ni watu wa Mungu, siwezi kuwatoa. Donc, basi, ile namba ya pili ya barua hii uifute. Mpangaji wa kumi, muuza jenereta, anaingia Jumatatu na picha zake. Umwambie Shalom atayarishe mashine.